Tovuti ya Chama Chuoni: Ijenge Leo, Iachie Watakaokuja

Tovuti nyingi za vyama vya wanafunzi hufa kifo kimoja. Mwaka wa kwanza inang'aa kwa sababu yupo kijana mmoja anayeijua kompyuta na anakesha nayo. Kijana anahitimu, anapata kazi Mwanza, anabadilisha laini, na nywila zote zinaondoka naye. Ukiifungua tovuti leo unakuta bado inatangaza uchaguzi wa miaka minne iliyopita. Ukirudi mwaka kesho hata tangazo hilo hulikuti: ada ya jina haikulipwa, jina kalichukua mtu mwingine, na palipokuwa na nembo ya chama pana matangazo ya kubeti.

Ufundi haukuwa tatizo hapo. Kujenga tovuti ndogo siku hizi ni kazi ya wikiendi moja kwa mwenye kompyuta na bando la kutosha. Kazi kubwa ni kuifanya iwe mali ya chama, na chama chenyewe hubadilisha viongozi kila mwaka. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini haigusi kompyuta kabisa.

Jiulize kwanza kama mnaihitaji

Kama chama chenu kina watu thelathini wanaoonana kila Ijumaa, kundi la WhatsApp linatosha, na fedha za tovuti zitafutieni kazi nyingine. Tovuti inaanza kuwa na maana pale watu walio nje ya kundi wanapowatafuta. Kuna mwanafunzi aliyechaguliwa kujiunga na chuo chenu na anataka kujua mapema kama kuna chama cha watu wa fani yake. Kuna shirika linalofikiria kufadhili kongamano lenu, nalo litataka kuiona katiba na kujua viongozi ni nani. Kuna mhitimu wa zamani anayetaka kuchangia lakini hana namba ya mtu yeyote. Instagram itawaonyesha picha za mahafali. Katiba hawataipata huko.

Chukua karatasi, andika wageni watatu mnaowatarajia na swali moja ambalo kila mmoja wao atakuja nalo. Ukurasa usiojibu swali lolote kati ya hayo usiujenge.

Hatua ya 1: Kikao kiamue, katibu aandike

Bila muhtasari wa kikao, tovuti ni ya aliyeijenga. Akikasirika anaweza kuifunga, na hamtakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Muhtasari useme mambo manne:

1. Tovuti, jina lake na akaunti zake zote ni mali ya chama.
2. Wasimamizi ni wawili, na mmoja wao awe wa mwaka wa kwanza au wa pili. Wakiwa wote wa mwaka wa mwisho mmejipangia kifo.
3. Nani anaidhinisha kinachochapishwa. Mtu mmoja anatosha. Kamati ya watu saba haitaidhinisha kitu kabla tukio halijapita.
4. Ada ya kila mwaka itatoka fungu gani. Mweka hazina aiweke kwenye bajeti pamoja na gharama za uchaguzi, isiwe ya kuchangishana dakika za mwisho.

Nakala ya muhtasari apewe mlezi wa chama, na nyingine ipelekwe ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi pale mlipojisajili. Mkitaka kutumia nembo ya chuo kwenye tovuti, ruhusa yake iombeni kwa barua hiyohiyo. Usidhani kwamba kwa kuwa chama kimesajiliwa chuoni basi nembo ni yenu.

Hatua ya 2: Fungua baruapepe ya chama

Baruapepe hii ndiyo mzizi wa kila kitu kitakachofuata. Jina la tovuti, seva na kurasa za mitandao ya kijamii vyote visajiliwe kwa hiyo. Anayeishika baruapepe anaweza kubadilisha nywila ya kitu chochote kilichosajiliwa kwayo, kwa hiyo usitumie ya mwenyekiti wala ya fundi, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, lakini angalia mtego huu: ukiweka namba ya simu ya katibu, tarakimu za kuthibitisha zitakuwa zinakwenda kwenye simu ya mtu ambaye mwakani hayupo. Tumia programu ya kutoa tarakimu kwenye simu za wasimamizi wote wawili. Kisha pakua zile namba za dharura ambazo mfumo hutoa, zichapishe, zitie kwenye bahasha, ifunge na umkabidhi mlezi. Mlezi ni mwalimu. Mara nyingi atakuwepo chuoni nyie mkiwa mmeshaondoka.

Nywila zenyewe zihifadhiwe kwenye programu ya kutunzia nywila kama Bitwarden au KeePass. Zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la uongozi, maana kundi hilo lina watu msiowakumbuka.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuiweka

Njia ni tatu.

*Ndani ya tovuti ya chuo.* Mnaomba kitengo cha TEHAMA kiwapatie anwani chini ya jina la chuo, yaani linaloishia na .ac.tz au .ac.ke. Mara nyingi hamlipi kitu, na mgeni akiona jina la chuo anaamini. Ubaya wake ni kwamba ombi linaweza kukaa mezani wiki kadhaa, na kila badiliko kubwa mtabisha hodi. Kwa chama ambacho hakina uhakika wa fedha mwakani, mimi ningeanza hapa, na uvumilivu ningeutafuta.

*Huduma za bure.* Google Sites au WordPress.com zinafaa kwa kujaribu. Anwani huwa ndefu na WordPress.com huweza kuweka matangazo yake kwenye kurasa zenu, lakini mkishindwa kulipa hakuna kinachozimika.

*Jina lenu na hosti ya kulipia.* Hapa mna uhuru wote na wajibu wote. Mnalipa ada mbili kila mwaka: ya jina, na ya hosti, yaani nafasi kwenye seva ya kampuni. Kabla hamjalipa, uliza bei ya mwaka wa pili. Bei iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye tangazo ni ya mwaka wa kwanza tu kwa kampuni nyingi.

Hatua ya 4: Jina

Kwa chama kisicho cha biashara Tanzania, chaguo la kawaida ni .or.tz, na Kenya ni .or.ke. Jina linaloishia na .ac.tz hamtaweza kulisajili wenyewe kwa sababu limetengewa taasisi za elimu. La .or.tz au .or.ke mnalinunua kwa msajili aliyeidhinishwa, na mara nyingi kampuni za hosti ndizo wasajili haohao.

Jina liwe fupi na litamkike kwenye simu. Jaribu hivi: mpigie rafiki, mtajie jina mara moja tu, mwambie aliandike. Akiuliza "ni kwa K au kwa C?" tafuta jingine. Mwaka usiuweke ndani ya jina, wala kaulimbiu ya uongozi uliopo.

Kwenye fomu ya usajili, sehemu ya mmiliki andika jina la chama kama lilivyo kwenye katiba, na baruapepe iwe ya chama. Kosa linalogharimu vyama vingi liko kwenye mistari hii miwili, maana msajili atamsikiliza yule ambaye jina lake limo kwenye fomu. Kama msajili ana huduma ya kulipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo na mfuko unaruhusu, lipeni.

Hatua ya 5: Kurasa tano zinatosha

1. *Mwanzo.* Chama ni cha nani, kinafanya nini, na tukio linalofuata.
2. *Kuhusu sisi.* Historia kwa aya mbili, katiba ya kupakua, viongozi na vyeo vyao.
3. *Kujiunga.* Nani anaruhusiwa, ada ni kiasi gani, inalipwaje, na baada ya kulipa nini kinafuata.
4. *Matukio.* Yajayo juu, yaliyopita chini.
5. *Mawasiliano.* Baruapepe ya chama, na ofisi au chumba mnapopatikana.

Ukurasa wa kujiunga ndio wa kuuhangaikia. Wengi huandika "Karibuni sana, milango iko wazi," halafu basi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anataka kujua kama ada ni ya mwaka au ya muhula, na namba ya kulipia itataja jina gani akishaiingiza. Andika jina hilo. Matapeli wanaozunguka vyuoni Oktoba na Novemba wakiuza uanachama hewa hutegemea ukimya wenu hapo.

Matukio nayo yana adabu yake. Linganisha:

> *Baya:* Jumamosi hii tutakuwa na semina kabambe! Wote mnakaribishwa. Msikose!

> *Zuri:* Semina ya kuandika wasifu wa kazi. Jumamosi, 14 Machi 2026, saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Ukumbi umeandikwa kwenye ramani hapa chini. Bure kwa wanachama. Wasio wanachama Sh 2,000 mlangoni. Njoo na wasifu wako uliochapishwa.

"Jumamosi hii" baada ya mwezi ni uongo. Na saa iandikwe kwa mtindo mmoja tu tovuti nzima. Mkichanganya "saa 3:00 asubuhi" na "9:00" kwenye ukurasa mmoja, kuna mgeni rasmi atakayefika saa tisa alasiri akakuta viti vinakusanywa.

Hatua ya 6: Mipangilio kabla ya kuizindua

Nachukulia mnatumia WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003 ambayo kampuni nyingi za hosti huisakinisha kwa kubofya mara moja. Fanya haya kabla ya kualika mtu:

1. Jina la msimamizi lisiwe "admin". Ndilo la kwanza ambalo mashine za wadukuzi hulijaribu.
2. Weka saa za Dar es Salaam au Nairobi. Kwa kawaida programu huja na saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukipanga tangazo litoke saa 2 asubuhi litatoka saa 5, watu wakiwa wameshaingia darasani.
3. Hakikisha anwani inaanza na https. Cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt, na kampuni nyingi za hosti hukiwasha bila malipo. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika kwamba tovuti isiyo nacho si salama. Cheti hudumu miezi michache tu, hivyo uliza kama kinajihuisha chenyewe.
4. Ruhusu programu ijisasishe yenyewe.
5. Sakinisha vijiprogramu vya nyongeza vichache, na kile usichokitumia kifute kabisa; kukizima tu hakutoshi.
6. Panga nakala ya akiba ijitengeneze kila wiki na ihifadhiwe nje ya seva ileile.

Onyo. Usipakue muundo wa kulipia "uliovunjwa" ambao mtu anaugawa bure kwenye Telegram. Mara nyingi huja na mlango wa nyuma uliofichwa ndani yake. Miundo ya bure iliyomo kwenye WordPress yenyewe inatosha kabisa.

Picha, bando na bango

Picha moja ya simu janja ya leo huweza kufika MB 4. Weka picha kumi na mbili za ziara yenu kama zilivyo, ukurasa mmoja utamla mgeni karibu MB 48, na mgeni wako ni mwanafunzi aliyenunua bando la siku. Atakachofanya ni kufunga. Punguza kila picha hadi upana wa pikseli 1,200 hivi na uzito wa KB 150 kabla ya kuipakia. Zote kumi na mbili hazitafika MB 2, na kwenye kioo cha simu hakuna atakayeona tofauti. Squoosh ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Video usiipakie kwenye seva yenu. Iweke YouTube na uweke kiungo.

Tovuti ya kwanza duniani, aliyoiweka Tim Berners-Lee kule CERN mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu. Silazimishi mrudi huko, lakini mkibishana kuhusu picha zinazojigeuza zenyewe kwenye ukurasa wa mwanzo, mimi niko upande wa maandishi.

Kuna tabia moja ya vyuoni inayonikera: bango la tukio kupakiwa kama picha bila neno lolote pembeni. Mwanafunzi asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti, na programu hiyo ikifika kwenye bango haina cha kusoma. Namba ya simu iliyomo ndani ya picha huwezi kuigusa ukapiga, na Google haiwezi kutegemewa kuitafuta. Weka bango ukipenda, ila chini yake andika upya kila kilichomo. Kila picha iwe na maelezo mafupi kwenye sehemu yake ya maelezo: "Wanachama wakipanda miche nyuma ya maktaba," si "IMG_2043".

Taarifa za watu

Orodha ya wanachama yenye namba za usajili na za simu isiwekwe hadharani, hata kwa "muda mfupi wa uhakiki". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa chama cha wanafunzi maana yake ya kila siku ni hii: kusanya kile mnachokihitaji tu, mweleze mtu mnakitaka cha nini, na mkimaliza kifuteni. Fomu ya kujiunga haihitaji dini, kabila wala namba ya NIDA. Picha ya mtu ikiwekwa naye akaomba itolewe, itoeni siku hiyohiyo bila mjadala.

Chama kikitaka tovuti iwe ya habari na matukio ya nchi, simameni hapo kwanza. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA, na habari za aina hiyo zina masharti yake ya leseni. Ulizeni kabla hamjachapisha.

Matunzo kwa kalenda ya chuo

- *Kila wiki, robo saa:* ondoa tangazo lililopita, jibu baruapepe, fungua tovuti kwa simu kama mgeni uone kama inafunguka.
- *Kila mwezi:* pakua nakala ya akiba moja kwenye diski ya chama. Mara moja kwa muhula ijaribu kuirudisha mahali pa majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiitegemee.
- *Septemba:* hakiki ada, namba ya malipo na ukurasa wa kujiunga kabla wapya hawajafika.
- *Wiki za mitihani:* usibadilishe muundo wala usijaribu kitu kipya. Kikiharibika hakuna wa kukitengeneza.
- *Likizo ndefu:* msimamizi mmoja abaki zamu. Wadukuzi hawafungi chuo.
- *Miezi miwili kabla ya jina kuisha muda:* mweka hazina alipe. Ukumbusho uwekwe kwenye kalenda za watu watatu.

Makabidhiano

Fanyeni ndani ya wiki mbili baada ya uchaguzi, uso kwa uso, kompyuta ikiwa mezani. Anayepokea aingie yeye mwenyewe kwenye kila akaunti kwa mikono yake, abadilishe nywila, atoe jina la aliyemaliza muda, achapishe tangazo la majaribio na kulifuta. Kumtoa mwenzenu kwenye orodha ya wasimamizi si kumvunjia heshima. Mwelezeni hivyo mapema ili asishtuke. Kisha jazeni hati:

> HATI YA MAKABIDHIANO YA TOVUTI
> Jina la tovuti na msajili wake: ……
> Tarehe ya jina kuisha muda: ……
> Hosti, na tarehe ya kulipia: ……
> Baruapepe ya chama: ……
> Bahasha ya namba za dharura iko kwa: ……
> Wasimamizi wapya (wawili): ……
> Nakala ya akiba ya mwisho, tarehe na mahali ilipo: ……
> Yaliyobaki bila kukamilika: ……
> Sahihi: anayekabidhi, anayepokea, mlezi kama shahidi

Nywila zisiandikwe kwenye hati hii. Nakala moja ibaki kwenye jalada la chama, moja kwa mlezi.

Ukikuta imeshapotea

Pengine umechaguliwa juzi, na ulichorithi ni jina la tovuti na historia ya malalamiko. Fuata mpangilio huu:

1. Tafuta jina limesajiliwa kwa nani na linaisha lini. Rejista za majina ya .tz na .ke zina ukurasa wa kuulizia, na hata pale jina la mmiliki linapofichwa, msajili na tarehe huonekana.
2. Mtafute kiongozi wa zamani kupitia kundi la wahitimu. Anza na salamu na shukrani kwa kazi aliyoifanya, ndipo uombe. "Kaka, shikamoo. Tumeikuta tovuti uliyotujengea na tunataka kuiendeleza" itakufikisha mbali kuliko "Tupe password za chama." Wengi wao hawakuiba kitu, hawakuwahi kuombwa tu.
3. Akishindikana, andikeni barua rasmi kwa msajili, yenye muhuri wa chama, sahihi ya mlezi na uthibitisho wa Mshauri wa Wanafunzi, mkiambatisha katiba na cheti cha usajili.
4. Wakati mnasubiri, ingia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive na uandike anwani ya zamani. Kama kurasa zilihifadhiwa, utapata maandishi ya katiba, historia na majina ya waasisi. Nakili yote kabla ya kujenga upya.
5. Jina likiwa limeshachukuliwa na watu wa kubeti, usiligombanie kwa fedha za wanachama. Chukueni jipya, kisha pitieni mahali pote la zamani lilipoandikwa: wasifu wa Instagram na Facebook, ukurasa wa vyama kwenye tovuti ya chuo, vichwa vya barua, fulana mnazotaka kuchapisha, na lile bango la bati lililo mlangoni mwa ofisi.